Hufa Kimeshika

Rwamgasa, Geita
3 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Pole na jua la Mhunze, na pole na kuvuna pamba bila sisi. Mimi sijambo, kile kifua kilichokuwa kinanisumbua kimetulia. Mdogo wangu Doto naye hajambo, ananenepa ingawa mwenyewe anasema anakonda. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu najua simu kwako siku hizi ni ya kutazama saa tu. Konda wa basi ameahidi kuifikisha barua hii mkononi mwako.

Baba, nina swali la kazi. Duara letu la dhahabu lina winchi inayovuta ndoo ya chuma kutoka chini ya shimo, na mota yake ni ya umeme, hosipawa tatu, fezi moja. Kushuka watu wanashuka kwa breki, kupanda ndiyo mota inafanya kazi. Kontakta inayoiwasha imeungua tena, hii ya pili tangu Pasaka. Vumbi la mawe linaingia ndani, halafu winchi inawashwa na kuzimwa kutwa nzima, pointi zinaliwa na cheche mpaka zinaisha.

Mwenye duara, Mzee Benjamini, amesikia kuna rilei ya elektroniki, wanaiita solidi steti, isiyo na pointi wala mlio. Anataka niende Mwanza nikainunue. Nimeulizia, nikaambiwa ipo ya ampea ishirini na tano, ipo ya arobaini, ipo ya themanini, na zote kwa umbo ni ndugu. Mimi nimezoea kontakta, hizi nazijua kwa picha. Wewe umefunga mota za jineri ya pamba tangu sijazaliwa. Nichague ipi?

Sikuulizi kwa ajili ya mawe. Mawe hata yakikaa chini hayalii. Nakuuliza kwa sababu Doto anapanda ndoo hiyo kila siku, na mimi ndiye fundi.

Msalimie shangazi Mageni.

Binti yako,
Limi

*

Mhunze, Kishapu
11 Juni 2024

Limi, mayu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dizeli, lakini imefika. Mimi mwili mzima. Masikio ndiyo yamekwisha kabisa sasa, jineri imeyachukua yote mawili na hakuna wa kumdai. Shangazi yako amenitundikia ubao mdogo mlangoni pamoja na chaki. Mwenye neno anaandika, mimi najibu kwa mdomo. Watu wamekuwa na adabu ghafla, maana kuandika umbea kunachosha mkono.

Nikueleze ninachokijua, na nisichokijua nikwambie sikijui. Rilei za namna hiyo tulikuwa nazo mbili kwenye kikaushio cha pamba, zikiwasha hita. Sijapata kuiweka kwenye kitu kinachobeba mtu.

Usichague kwa kuangalia ampea za mota ikiwa imeshakimbia. Mota yako ikikimbia inakula ampea kumi na nne, kumi na tano hivi. Lakini ile sekunde inapoamka na mzigo, inakula mara sita ya hapo. Ya ishirini na tano itakufa wiki ya kwanza. Ya arobaini itakuvumilia mpaka uiamini, ndipo ife. Chukua ya themanini. Volti zake ziwe mia nne na themanini hata kama umeme wako ni mia mbili na thelathini, kwa sababu mota inapozimwa hurudisha teke. Ifunge juu ya sahani nene ya alumini yenye mapezi, katikati upake yale mafuta meupe ya kupitisha joto, na mapezi yasimame wima ili hewa moto ipande.

Sasa jambo lenyewe. Kontakta ikichoka, mara nyingi huachia. Si kila mara, nayo naijua kwa kuganda, ila mara nyingi. Chombo hiki cha elektroniki kikifa, hufa kimeshika. Umeondoa mkono, umeondoa na waya wa amri, na umeme unaendelea kupita kana kwamba hujafanya kitu. Kwa hita ya pamba ni hasara. Kwa ndoo yenye mtu, unajua mwenyewe.

Kwa hiyo weka vyote viwili. Umeme upite kwanza kwenye kontakta, ndipo uingie kwenye rilei. Rilei ifanye kazi ya kutwa, ya kuwasha na kuzima. Kontakta ishike asubuhi na ikae imeshika, isiachie mpaka mtu abonyeze kitufe chekundu. Kitufe hicho na kontakta yake vikae mdomoni mwa duara, mbele ya anayepokea ndoo, kwa sababu yeye ndiye anayeona. Kila asubuhi kabla mtu hajashuka, kikague kwa macho yako. Usikubali kuambiwa.

Mwambie Doto aniandikie hata mstari mmoja. Sauti yake ndiyo ya mwisho niliyoisikia vizuri kabla haya masikio hayajafunga. Nimeibakiza kichwani, lakini inaanza kufifia.

Baba yako,
Jilala

*

Rwamgasa
29 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje na mgongo? Sisi tunaendelea vizuri, na leo nina furaha kidogo.

Nimekwenda Mwanza. Muuza duka alinipangia rilei mbili juu ya meza, zote zimeandikwa themanini. Moja ilikuwa nyepesi kama biskuti, nyingine ilikuwa na tako nene la chuma. Nilichukua nzito, akanicheka kwamba napima rilei kama napima nyama. Sahani ya alumini nimeipata kwenye vyuma chakavu, imetoka kwenye mashine ya kuchomelea, mapezi yote mazima.

Siku ya kujaribu, Salmini anayeendesha winchi aliweka testa akiwa hajawasha kitu, testa ikawaka. Akaruka nyuma akasema imeingiwa na pepo. Nikamweleza kwamba rilei hii huvuja kidogo hata ikiwa imezimwa, ndiyo maana asiguse waya mpaka swichi kuu ishushwe. Ameelewa, ila bado anaipita kwa mbali kama mbwa asiyemjua.

Kontakta na kitufe chekundu viko mdomoni mwa duara kama ulivyosema. Hapo nina neno. Mwanamke hasogei pale, Baba. Wanasema mawe yanakimbia. Mimi naishia kwenye banda la mota. Nilibishana na Mzee Benjamini mpaka nikachoka, akaniambia nishukuru hata hilo banda. Kwa hiyo boksi la mdomoni amelifunga Doto, mimi nikimwelekeza kwa sauti kutoka bandani. Amefanya kazi safi. Nilimwona akikunja ncha ya waya kurudi nyuma na kuisokota kuelekea kushoto kabla ya kuibana, vile ulivyotufundisha sote wawili kwenye meza ya jikoni. Hakuna fundi mwingine wa huku anayefanya hivyo.

Tukajaribu na ndoo tupu. Salmini aliendelea kushika mkono wa winchi, Doto akabonyeza chekundu, ndoo ikasimama hapo hapo. Kila asubuhi Doto anakijaribu, ananipungia mkono, ndipo watu wanashuka.

Kuhusu kuandika, anasema ataandika. Muda wake wote yuko na Masudi, rafiki yake wa Shinyanga mjini, mtoto wa yule mama Mwanaima anayeuza vitenge sokoni. Wanakula sahani moja na kuvaa kofia moja kwa zamu.

Binti yako,
Limi

*

Rwamgasa
17 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Huku si kuzuri sana, naomba unijibu upesi.

Majirani wamefunga makarasha mawili mapya ya kusagia mawe. Yakiwashwa pamoja, umeme unashuka, taa zinakuwa nyekundu. Umeme ukishuka, ile kontakta yetu inaachia yenyewe, winchi inasimama, breki inashika, na aliyemo anabaki ananing'inia katikati. Kontakta haikubali kushika tena mpaka makarasha yapumzike.

Juzi aliyening'inia ni Masudi. Tochi yake ilizimika. Alikaa gizani akiita jina la Doto, na Doto yuko juu anamjibu tu, hana la kumfanyia. Alipotolewa, suruali ilikuwa imelowa. Vijana walicheka. Doto aliwafukuza wote, akamfunika kwa shati lake. Jioni hakula. Aliniambia, "Dada, hicho kitufe chenu kinatunyonga." Nikamjibu kwamba nimekuandikia wewe na utatupa dawa.

Mzee Benjamini anasema kontakta iondolewe, rilei ibaki peke yake, mbona haikosei. Nimekataa. Lakini nikikataa lazima niwe na kitu cha kuwapa. Nifanye nini?

Limi wako

*

Mhunze
24 Julai 2024

Limi, mayu,

Marahaba. Nimepata barua yako leo na leo hii najibu, konda anasubiri nje akinung'unika, bahati nzuri simsikii.

Dawa ipo. Kontakta inaachia kwa sababu koili yake inakunywa umeme ule ule unaoyumba. Itafutie mwingine wa kunywa. Nunua kontakta ya koili ya volti ishirini na nne, ya umeme wa betri. Unganisha betri mbili za pikipiki moja nyuma ya nyingine, na chaja ndogo ikizilisha. Kitufe chekundu kikate waya wa betri. Hapo makarasha yakitaka yasage mlima mzima, kontakta haitaachia mpaka mtu aamue. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Pamoja na hayo ongeza kifaa cha kulinda mota isivute mzigo umeme ukiwa chini. Umeme ukishuka mota hula ampea zaidi, rilei inachemka. Ile kontakta mnayoichukia ilikuwa inaikinga bila kuwaambia. Kwa hiyo ongeeni na wenye makarasha, wasiyawashe mtu akiwa kwenye ndoo.

Mpaka ufunge betri, msipandishe mtu kwa winchi hiyo. Wapande kwa matimba ya ukutani mwa shimo, kwa mikono na miguu, hata kama watanilaani.

Neno la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike haraka. Angalia asije mtu akaunga waya kutoka juu ya kontakta kwenda chini, umeme uiruke. Hatakuwa mtu mbaya. Watu wabaya hawajisumbui. Atakuwa ni mtu aliyeona mwenzake akiteseka na akashindwa kuvumilia. Nenda mdomoni mwa duara ukaangalie mwenyewe, Limi. Waache wapige kelele.

Doto hajaandika bado. Mwambie simdai barua ndefu.

Baba yako,
Jilala

*

Rwamgasa
2 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali yako vipi.

Masudi amefariki Jumatatu. Alikuwa anapanda. Salmini aliachia mkono wa winchi ndoo ilipofika juu, na winchi haikusimama. Doto alikuwa mdomoni akimpokea, alibonyeza chekundu. Akabonyeza tena na tena. Ndoo ikapanda mpaka kwenye roda, lile gurudumu la juu linalopitisha kamba, kamba ikakatika. Mimi nilikuwa kwenye karasha letu nikirekebisha mkanda. Nilipofika bandani Salmini alikuwa ameshashusha swichi kuu, lakini hapakuwa na kitu cha kuzuia tena. Rilei ilikuwa inachoma mkono.

Wamempeleka Shinyanga kwa mama yake, wamemzika huko. Mimi sikwenda, mtu wa ofisi ya madini ameagiza nisiondoke mpaka aje. Barua yako ya betri niliipata Jumatano. Ilikuwa imelala siku zote hizo kwenye kibanda cha tiketi, chini ya mzigo wa mtu.

Baada ya kuisoma nilikwenda mdomoni mwa duara. Hakuna aliyenizuia. Nilifungua boksi. Kulikuwa na waya kutoka juu ya kontakta kwenda chini, Baba. Ncha zake zimekunjwa kurudi nyuma na kusokotwa kuelekea kushoto.

Niliufungua nikautia mfukoni kabla sijafikiri. Mpaka sasa ninao. Kila asubuhi alikuwa ananipungia mkono, nami nikiona mkono nashukuru. Kumbe alikuwa anabonyeza na kontakta inagonga kweli, ila umeme unaizunguka kwa waya ule.

Watu wanasema ni rilei. Ni kweli, imekufa imeshika, kama ulivyoniambia. Wengine wanasema ni mimi, mwanamke niliyetia mikono kwenye mambo ya duara. Nikinyamaza, lawama itabaki kwa chombo na kwangu, na mimi naweza kuibeba. Nikisema, ni mdogo wangu. Yeye alimpenda yule kijana kuliko sisi wote tuliopo hapa.

Doto haonekani tangu siku ile. Hakupanda hata gari la msiba. Simu yake imezimwa. Kama yuko kwako, niambie. Kama hayuko kwako, sitaki kuandika ninachokiogopa.

Niambie la kufanya. Mtu wa madini anakuja wiki ijayo.

Limi

*

Mhunze
7 Agosti 2024

Limi, mwanangu,

Marahaba. Kwanza pumua. Doto yuko hapa.

Alifika Jumamosi kwa miguu kutoka njia kuu, na vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi yako alimpikia ugali, hakuugusa. Siku mbili amelala amegeukia ukuta. Mimi nilijua kuna msiba kwa kumtazama, lakini wa nani na wa nini sikujua mpaka barua yako ilipofika jana. Niliisoma nje, kwenye jua.

Nikuambie la waya. Uutoe mfukoni. Mtu wa madini akija umpe, umwonyeshe ulipokuwa, na umwambie nani aliufunga na kwa nini, yote mawili. Usiseme la kwanza ukaacha la pili. Mwambie pia kwamba kitufe kiliwekwa mahali ambapo fundi wake hakuruhusiwa kufika, na Benjamini aeleze hilo mwenyewe. Na mwambie kuwa baba yako ndiye aliyesema kiwekwe pale, na ulipomwandikia kwamba hufiki, akachelewa kukuambia ulazimishe. Usibebe lawama isiyo yako. Ukibeba, watu watafunga rilei nyingine pale pale, na waya mwingine, na kuondoa wanawake tu.

Najua ninakutuma kitu kigumu. Nililia kabla ya kukiandika, shangazi yako ni shahidi.

Sasa mdogo wako. Jana jioni baada ya kusoma nilimwita, nikaushusha ubao mlangoni, nikamwekea magotini, nikampa chaki. Nikamwambia barua ya dada yako nimeisoma, kama una neno andika. Aliandika herufi moja, M, akaifuta kwa kiganja. Akaweka chaki chini, akanitazama, akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu, Limi. Nilimwona midomo, nilimwona shingo ikikaza, nilimwona akishika waya usiokuwepo na kuukunja kurudi nyuma. Mara mbili nilitambua jina la Masudi midomoni. Mengine yote yalinipita. Sauti niliyoiomba kwa barua tangu Juni ilikuwa mbele yangu, urefu wa mkono, na sikuipata hata kidogo.

Alipomaliza alinitazama kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikamshika kichwa, nikamwambia, "Nimesikia."

Akalia ndipo akala.

Usiku sikulala, nikijiuliza kama nimemdanganya. Nadhani alichagua kusema kwangu kwa sababu anajua mimi sisikii. Simlaumu, hata mimi ningeanzia hapo. Lakini haliwezi kuishia hapo. Leo asubuhi nimemwambia hivyo, na amekubali kwa kichwa, akaenda kunawa uso na kupiga pasi shati lake.

Kesho tunapanda gari la Shinyanga, mimi na yeye. Tunakwenda kwa Mama Masudi. Mimi nitakaa pembeni yake, na sitasema kitu. Mwanaima anasikia vizuri.

Baba yenu,
Jilala